Wasifu wa kampuni ya wabunifu: uangalie nini

Ndugu, umeuliza ukague nini kampuni ya ubunifu wa majengo na bustani inapokuletea wasifu wake. Picha ziache kwanza. Kwa hapa Tanzania anza na usajili: kampuni na mbunifu mwenyewe wote wawe wamesajiliwa AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na jina la kutafuta ni la yule atakayesaini michoro yako. Kikaoni huja bosi, kazi akapewa kijana aliyetoka chuoni juzi. Uliza wazi nani atakuja saiti, na mara ngapi kwa mwezi.

Picha nyingi ni za kompyuta tu. Omba miradi 2 iliyokwisha jengwa, uende mwenyewe, ikiwezekana wakati wa masika. Kwenye bustani ndiko wengi wanakoanguka. Tazama maji yanaelekea wapi: ardhi inayozunguka nyumba ishuke walau sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Ukikuta chini ya ukuta kuna alama za tope, rangi inabanduka, au pevingi zimebonyea katikati na maji yametuama, basi ama mchoro haukuwa na vipimo vya miinuko, ama hakuna aliyesimamia.

Omba pia jedwali la mimea: jina, idadi, nafasi kati ya mche na mche. Anayeandika "miti ya kivuli" tu, huyo atakupandia mkuyu, wenye mizizi mikubwa, mita mbili toka shimo la choo.

Ada ilipwe kwa hatua: mchoro wa awali, michoro ya ujenzi, usimamizi. Ukimaliza yote mwanzoni, saiti hutawaona.