Jajce ni ya nani: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia tangu aache kupanda ngazi za kwa shangazi yako, na mwembe wa nyuma umezaa mpaka tunagawa. Barua hii naiandika kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha akurushie. Kuchapa kwa kidole siwezi, na haya si maneno ya kuchapa kwa kidole.

Umeuliza jambo moja tu. Hapo kazini kwako Graz, Austria, wapo wauguzi wawili, mmoja kwao Jajce, mji wa Bosnia, alitolewa akiwa mtoto mwaka 1992, mwingine wa Banja Luka, mji mwingine wa huko huko, na wamekosana mezani juu ya mji ule ni wa nani. Nawe kwa kimbelembele chako ukasema baba yangu alisoma huko, nitamuuliza. Sasa wanangoja.

Haya. Kwanza litamkeni vizuri: Yaitse. Maana yake kiyai, yai dogo, kwa jinsi kilima chenye ngome kilivyoviringana. Yai lenyewe wanaliita *jaje*, linatamkwa yaye. Ni bahati tu hiyo, hakuna undugu. Lakini mwaka wa kwanza ugenini, kwenye baridi ile, mtu hushika hata bahati.

Pili, ninavyosema siku zote (namwona mama yako anageuza macho), ukitaka kuujua mji, fuata maji yake. Mto Pliva unatoka magharibi, unatuama kwenye maziwa mawili, kisha unaingia katikati ya mji na kujitupa chini mita 20 hivi, moja kwa moja ndani ya mto Vrbas. Si nje ya mji kama maporomoko yetu ya Pangani. Mjini kabisa! Mtu anaanika nguo, maji yananguruma chini ya dirisha lake. Ndiyo yale yanayoonekana nyuma yangu kwenye picha ya sebuleni, nimevaa lile koti ambalo mjomba wako aliliazima na bado analiazima.

Na jiwe la pale linakua. Wanaliita *sedra*. Maji yanakuja na chokaa iliyoyeyuka kutoka milimani, chokaa ile ile ya mapango yetu ya Amboni, yakimwagika inaganda juu ya kuvumwani, kuvumwani inakuwa jiwe, jiwe linazidi kimo. Mto unajijengea ukuta wenyewe. Yale maziwa mawili yameshikwa na kuta za namna hiyo, na juu ya ukuta uliopo kati yake wenyeji wamesimamisha vinu vidogo vya mbao vya kusagia nafaka, kila kimoja na miguu yake majini, kama vibanda vya kulindia ndege shambani. *Mlinčići*. Mimi niliyekwenda kusomea mabwawa ya zege nilisimama pale nikaona mto umenitangulia kazi.

Hapo ndipo pana kisa cha merhaba, ambacho ulikuwa ukinitaka nikirudie kila Idi. Ilikuwa Novemba 1979. Mwenzangu wa bwenini kule Sarajevo, mzaliwa wa Jajce, alinipeleka kwao mapumziko ya sikukuu ya Jamhuri. Tukashuka vinuni. Mzee mmoja amekaa kizingitini, kofia ya sufu, unga mpaka kwenye nyusi, akanitazama mimi mweusi niliyetokea ukunguni, akainua mkono: "Merhaba!" Mwanangu, nilishtuka. Marahaba, na mimi sijamwamkia! Mzee wa watu ameitikia shikamoo ambayo sijaitoa. Nikainama upesi nikasema, "Shikamoo, mzee." Mwenzangu alicheka hata akakaa chini kwenye theluji. Kwao merhaba ndiyo salamu yenyewe, ya kuanzia. Nilimweleza yule mzee kwa Kiserbokroati changu cha kuunga, akafurahi, akaniita *musafir*, akatupikia *kahva*. Usiku ule tukakaa kuhesabu: sabuni ni *sapun*, sanduku ni *sanduk*, duka ni *dućan*, saa ni *sat*. Waarabu walitugawia kamusi moja, sisi kwa jahazi, wao kwa njia ya Waturuki. Ila *musafir* kwao si msafiri wa njiani. Ni mgeni aliyekwisha kukaribishwa. Mtu ni yule yule, sisi tunamwona akiwa barabarani, wao wanamwona keshaingia ndani.

Nimetoka nje ya swali. Mji ni wa nani.

Wafalme wa Bosnia ndio waliofanya makao yao pale mwishoni. Wa mwisho wao, Stjepan Tomašević, alikatwa kichwa Jajce mwaka 1463 kwa amri ya Sultani Mehmed wa Pili wa Waturuki, baada ya kujisalimisha kwa ahadi kwamba hatadhuriwa. Mifupa inayosemwa kuwa yake imehifadhiwa kwenye kioo katika nyumba ya mapadri Wafransisko. Mwaka huo huo haujaisha, Wahungari wakauteka, wakaushikilia miaka zaidi ya sitini. Kisha Waturuki tena, mpaka 1878 walipokuja hao unaoishi kwao. Ndiyo, Waustria wako nao walikuwa wenye mji, miaka 40. Waulize mezani kama na wao wanaudai.

Halafu 29 Novemba 1943, katikati ya vita, wapiganaji wa Tito, aliyekuja kuwa rais wa Yugoslavia, walikutana Jajce ndani ya ukumbi wa chama cha mazoezi ya viungo, wajumbe 142, wakaamua Yugoslavia mpya itakuwa shirikisho, na mfalme aliyekuwa uhamishoni asirudi mpaka vita viishe. Nchi nzima, kutoka Slovenia hadi Makedonia, ilitungwa kwenye mji ule wa kiyai. Ndiyo hiyo sikukuu yenyewe. Nilipelekwa ukumbini, nikaoneshwa viti na bendera, na mimi mtoto wa Muungano, niliyeimbishwa umoja tangu darasa la kwanza, nilisisimka. Siwezi kukudanganya. Niliamini kila neno. Tito alikuwa amekuja Tanzania 1970, shule nzima tulijua jina lake kama tunavyojua la jirani.

Kukiamini kitu si kosa. Au ni kosa ukikiamini kwa niaba ya mtu mwingine. Nimelifikiria hilo miaka zaidi ya thelathini.

Maana mwisho wa 1991, Yugoslavia ikiwa inavunjika, yule mwenzangu aliniandikia. Mistari minane tu. Aliuliza: huko kwenu kuna kazi ya mhandisi wa maji? Basi. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, tunakaa zile nyumba za kampuni kule Hale. Nami nikamjibu kurasa nne. Nikamkumbusha ukumbi, nikamkumbusha udugu na umoja, nikamwambia nchi iliyotungwa mbele ya maporomoko yale haiwezi kuvunjwa na walevi wachache wenye bunduki. Nikamwandikia na kisa cha merhaba. Juu ya kazi, neno hata moja sikuandika. Na kazi ilikuwepo! Kituo kipya cha umeme cha Pangani, hiki kilichozinduliwa 1995, kilikuwa kinaanza kujengwa si mbali na barazani kwangu. Labda wasingemchukua, wale wafadhili walikuja na watu wao. Labda. Lakini nilikuwa namjua wa kumuuliza, na sikuuliza.

Oktoba 1992 nikasikia redioni Jajce imeangukia mikononi mwa jeshi la Waserbia wa Bosnia. Watu zaidi ya elfu 30 walitoka kwa barabara moja ya kwenda Travnik, kwa miguu, kwa matrekta, kwa mikokoteni. Misikiti ikabomolewa na makanisa vilevile. Septemba 1995 majeshi ya Wakroati yakauteka, ikawa zamu ya Waserbia kukimbia. Sasa nchi moja, Bosnia na Herzegovina, ina pande mbili: Jajce iko upande unaoitwa Shirikisho, na Banja Luka iko upande wa Republika Srpska, yaani Jamhuri ya Waserbia.

Utaniuliza mwenzangu alikuwa nani kati ya watu wa kule: Mserbia wa Kiorthodoksi, Mkroati wa Kikatoliki, au Mbosnia Mwislamu. Jina lake nalijua, bila shaka. Lakini ukilisikia utajua dini yake papo hapo, na ukishajua dini yake utadhani umeshajibiwa. Ndiyo maana silitaji hapa.

Na hao wauguzi wako, ukweli ni kwamba mmoja ana haki kumshinda mwenzake. Ulimi unaniwasha. Mtu aliyetolewa kwao akiwa mtoto hawezi kuwekwa mizani moja na... lakini simjui huyo wa Banja Luka alipoteza nini, naye mwaka 1992 alikuwa mtoto, na huenda babake alitoka Jajce 1995 kwa barabara ya upande wa pili. Naacha. Nimewahi kuwaandikia watu wa kule hukumu nikiwa nimekaa barazani Hale.

Waambie hili tu: maji yanayoanguka Jajce yanakwenda kaskazini, yanajaza bwawa la Bočac, ambapo mimi nilifanya mazoezi ya kazi likiwa bado linajengwa, yanapita Banja Luka, yanaingia Sava. Wote wawili wamekuzwa na Vrbas mmoja, mmoja ameunywa kabla ya mwenzake. Na waambie wanafunzi wa sekondari wa Jajce, mwaka 2016 na 2017, wakubwa walipotaka kuwagawanyia shule kwa kabila, walikataa, wakaandamana, na mpango ukafutwa. Watoto wa miaka 17, mwanangu. Hawakuandika kurasa nne.

Kisha mtafute huyo wa Jajce pembeni. Muulize kama kwao walikuwa na kinu pale kati ya maziwa, na kama anaijua familia moja ambayo jina lake nitakupa kwa simu. Muulize wakati yule mwingine hayupo. Au muulize akiwepo, sijui, wewe ndiye unayewaona nyuso. Kinu changu cha kahawa cha shaba, kile ulichokivunja mkono, kilitoka kwa mama mwenye nyumba hiyo. Mdogo wako atakipiga picha nacho, labda mtu atakitambua.

Mama yako anasema dawa ya goti, ile ya kopo la bluu.

Baba yako