Ukipewa friji la soda, soma karatasi kwanza

Siku kama kumi zilizopita, baada ya alasiri, mtoto wa kaka yangu alinipigia simu. Anafungua duka Fuoni, rangi ya ukuta bado haijakauka. "Shikamoo ami. Kuna watu wamekuja, wanasema watanipa friji la kioo bure na kunipakia rangi mbele yote ya duka. Nikubali?" Nikamwambia asitie saini chochote mpaka nifike. Nilifika magharibi, tukazungumza mpaka usiku. Nayaandika hapa niliyomwambia kwa sababu vijana wengi wa Unguja huanza duka kwa friji la namna hiyo hiyo.

Nimeuza soda Magomeni ya hapa Unguja miaka kumi na saba. Muda wote huo Coca-Cola na Pepsi zinagombania kwangu pahala pasipozidi dhiraa mbili: upana wa mlango wa friji. Ugomvi wao ni wa zamani. Aliyeianzisha Coca-Cola alikuwa muuza dawa wa Atlanta, Marekani, John Pemberton, mwaka 1886. Wa Pepsi naye muuza dawa, Caleb Bradham wa New Bern, North Carolina. Alianza kuuza kinywaji chake 1893, na 1898 akakiita Pepsi-Cola. Matangazo tunayaona kwenye televisheni na kwenye mabango, lakini vita vyenyewe vinapiganwa dukani, penye baridi.

Mimi friji nililipokea. Msambazaji, simtaji, alilileta asubuhi likiwa bado na nailoni, akanipa karatasi tatu za Kiingereza, nikatia saini juu ya gunia la mchele huku wateja wananingoja. Ndani yake iliandikwa kwamba humo hakiingii kitu cha mtu mwengine, hata maji. Siku ya tatu nikazitoa soda zote za upande wa pili.

Kuna mzee ambaye kila akitoka kuswali alasiri hupita kunywa chupa moja pale barazani. Siku hiyo alifungua friji, akatazama rafu moja baada ya nyengine, akalifunga taratibu.

"Haipo?"

"Haipo, mzee wangu. Chukua hii, zote moja."

Hakunijibu. Kesho yake nikamwona kwa jirani. Na hakuwa mtu wa soda tu. Mkate wa jioni, sukari, vocha, mafuta ya taa, vyote vilihama pamoja naye.

Coca-Cola wenyewe wamewahi kupitia hayo. Tarehe 23 Aprili 1985 walibadilisha ladha yao, na walikuwa na hoja: watu walioonjeshwa waliipenda zaidi ile mpya. Wateja wa Marekani wakakasirika, simu na barua zikamiminika, na baada ya siku 79 ladha ya zamani ikarudishwa. "Zote moja" ni neno ambalo muuzaji hana haki ya kulisema. Mteja ndiye anayejua kama ni moja.

Ingawa, nikueleze na hili. Tangu 1975 Pepsi waliwaonjesha watu vikombe viwili bila majina, na wengi wakachagua Pepsi. Nami nikajaribu hapo barazani, kwa vijana wanne wanaobishana kila jioni. Nilimimina ndani, nikatoka na vikombe vya plastiki. Watatu wakakosea. Nikarudia, safari hii kimoja nimekitoa kwenye barafu na kimoja kwenye kreti. Wote wanne wakachagua cha baridi, bila kujali kilichomo. Tangu siku ile najua kwamba jina humleta mtu mpaka mlangoni, na baridi ndiyo inayomfanya atoe pesa. Ndiyo maana friji wanalitoa bure, na ndiyo maana nakuomba usiwaachie mlango wa friji kirahisi.

Nunua la kwako. Hata la mkono wa pili, hata friza dogo la kulala, mradi risiti ina jina lako. Wakikuletea lao, lipokee likiwa la pili, na usitie saini kabla hujapata mtu wa kukusomea kila mstari. Uliza mambo manne: nani analipa umeme, nani analitengeneza likiharibika, unaruhusiwa kutia nini, na wanaweza kulichukua lini. Langu lilichukuliwa wiki moja kabla ya Idi kwa sababu mkaguzi alikuta ndani pakiti sita za maziwa.

Na usitegemee umeme moja kwa moja. Waliokuwepo wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa nikiuza kwenye beseni la barafu, na usiku nikipanga chupa tupu kwa kupapasa. Ya Coca-Cola huikosi, kile kiuno na ile mifereji vidole vinavijua. Baadaye nikajua kwamba ndivyo ilivyokusudiwa: ilipobuniwa mwaka 1915 kule Terre Haute, Indiana, sharti lilikuwa mtu aitambue hata gizani.

Hizo chupa tupu zihesabu kila usiku, kwa sababu mtaji wako umo humo. Kreti ni chupa 24, na ukikosa tupu huchukui zilizojaa mpaka ulipe na chupa zake. Tena tupu za huyu hazipokelewi na yule, kwa hiyo unaweza kuwa na rundo zima uani na bado ukakwama. Mtoto akija na pesa bila chupa, anywe hapo hapo, au aache rehani. Usione haya hata kama ni mtoto wa jirani.

Kosa langu kubwa kuliko lote lilikuwa la Idi nyengine. Nilisikia bei itapanda, nikachukua kreti 60, chupa 1,440, nikazipanga mpaka kwenye ujia wa nyumba. Bei haikupanda, na mvua ya masika ikanyesha sikukuu yote, watoto hawakuteremka kwenye viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja. Soda hazikuharibika, lakini pesa za unga na mchele zilikuwa zimelala humo, na mwezi mzima nikawa namrudisha mtu anayetaka kilo mbili za sembe. Bradham, yule wa Pepsi, ndivyo alivyoanguka. Mwaka 1920 sukari ilipanda sana, akanunua nyingi kwa kuogopa itapanda zaidi, kabla mwaka haujaisha bei ikaporomoka. Kufika 1923 alikuwa amefilisika. Nunua ya wiki moja. Sikukuu, ya wiki mbili.

Na usizidharau soda nyengine. Katika miaka ya 1930 Pepsi iliyofufuliwa iliuza aunsi 12 kwa senti tano, bei ile ile ambayo Coca-Cola ilitoa aunsi sita na nusu, na watu waliokuwa na dhiki wakaifuata. Mtoto wa skuli kwangu hufanya hesabu hiyo hiyo kwa macho: hushika chupa mbili, akazipandisha usawa wa pua, akatazama ipi imejaa zaidi. Mara nyingi huondoka na Azam Cola, ya Bakhresa, mzaliwa wa hapa hapa Zanzibar. Rafu ya chini iwe yao.

Kesho yake mtoto wa kaka yangu alimwambia yule kijana wa friji kwamba atalipokea, ila karatasi iandikwe kuwa rafu mbili ni za mwenye duka, atie anachotaka. Kijana akasema atawauliza wakubwa zake. Leo siku ya tisa hajarudi. Friza alilonunua Mwanakwerekwe limeshawashwa, na jana alinipigia kuniuliza wapi atapata kreti tupu tano za kuanzia. Nimempelekea zangu.