Mama Anashika Meza Ndipo Ainuke: Maswali Yenu Kuhusu Misuli ya Wazee

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka upande wa Kilimanjaro, na chache Arusha. Karibu zote zinauliza jambo moja: mzee wa nyumbani amelegea, je, ni uzee tu? Tumechagua nne.

Shikamooni. Mama yangu ana miaka 71. Zamani alikata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani mwenyewe. Tangu tumwekee dada wa kazi, sasa mwaka wa pili, anakaa tu. Uzito haujapungua, bado ni kilo 68, lakini hainuki kitini mpaka ashike meza. Si uzee wa kawaida huu?
*Binti, Kibosho*

Marahaba, binti yetu. Uzee umo, ila hauko peke yake. Misuli huanza kupungua taratibu mtu akiwa bado wa makamo, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Seli za neva zinazoiamuru misuli kutoka kwenye uti wa mgongo hufa moja moja, na nyuzi za misuli zinazoathirika zaidi ni zile za nguvu ya ghafla: zinazokuinua kitini, zinazokudaka unapojikwaa. Hali hiyo ikifikia kumdhoofisha mtu, madaktari huiita sakopenia, jina lililotungwa mwaka 1989. Hiyo ndiyo sehemu ya umri. Miaka miwili ya kukaa ni sehemu nyingine, na hiyo iko mikononi mwenu.

Msiuamini mzani. Msuli ukiondoka na mafuta yakashika nafasi yake, mzani utasoma kilo 68 zilezile. Pimeni nguvu. Chukueni kiti cha mbao kisicho na mikono, urefu wa kukalia sentimita 45 hivi, mkiegemeze ukutani. Msitumie sofa wala kigoda. Vyote ni vifupi mno na vitamwonea. Akunje mikono kifuani, asimame hadi magoti yanyooke, akae tena, mara tano mfululizo kwa haraka awezavyo, mtu mmoja akiwa pembeni yake na mwingine akitazama saa ya simu. Akizidi sekunde 15, nguvu zimepungua kiasi cha kumwona daktari. Asipoweza kuinuka hata mara moja bila mikono, jibu mmelipata, msimlazimishe. Kisha mpimeni kigimbi kwa futi ya fundi cherehani, pale kilipojaa zaidi, ameketi na nyayo zimekanyaga chini. Chini ya sentimita 31 panatia shaka. Miguu ikiwa imevimba, kipimo hicho kitawadanganya.

Kushika meza kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kuanguka usiku akienda msalani na kuvunjika nyonga. Ni sukari kupanda, kwa kuwa misuli ndiyo inayofyonza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Ni kupata nimonia akakosa hata nguvu ya kukohoa makohozi yakatoka.

Tunajua dada wa kazi aliletwa kwa upendo, na desturi yetu inasema mzazi apumzike. Hata hivyo tunawaomba mumrudishie mama sehemu ya kazi zake: majani mafungu madogo mara mbili kwa siku badala ya mzigo mmoja, maji kwa kidumu cha lita 3 au 5, kusimama jikoni akikoroga mwenyewe. Aachiwe dada kuni na ndoo kubwa. Na mara tatu kwa wiki afanye zoezi la kiti tunaloeleza katika jibu linalofuata.

Baba ana miaka 78. Alilazwa siku 12 kwa nimonia. Amepona, lakini hawezi kuinuka chooni (choo chetu ni cha kuchuchumaa) na mapaja yanatetemeka. Ndugu wanasema alale kwanza mpaka apate nguvu, ndipo atembee. Tufanyeje?
*Mwana, Sakina, Arusha*

Kaka, ndugu wana nia njema, lakini kulala ndiko kulikomfikisha hapo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya nzuri waliombwa walale kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Hao hawakuwa wagonjwa. Baba amelala 12, tena na homa na hamu ndogo ya kula.

Kwanza choo, maana hilo haliwezi kungoja. Fundi seremala atawatengenezea kiti imara chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo. Ukutani fungeni bomba la chuma usawa wa kiuno, upande wa mkono wake wenye nguvu. Sabuni ya kuogea iliyomwagika sakafuni ioshwe kila mara, na ndala zilizolika zitupwe.

Kama bado hawezi kukaa kitini dakika 20, aanze kwa kula milo yote ameketi. Akiwa ukingoni mwa kitanda, nyayo chini, anyooshe goti moja mpaka mguu ulale sawa hewani, ahesabu hadi tano, ashushe polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni.

Kisha lije zoezi lenyewe, la kuinuka kitini. Kiti kigande ukutani. Juu yake wekeni mablanketi mawili yaliyokunjwa ili kiwe kirefu. Kadiri kiti kilivyo kirefu ndivyo mapaja yanavyopata kazi nyepesi. Asogee ukingoni. Nyayo zivutwe nyuma kidogo ya magoti, zikiachana upana wa nyonga. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume chini kwa nyayo na kusimama. Wengi hushindwa hapa kwa sababu hujaribu kuinuka mgongo ukiwa wima, na hapo hata kijana hainuki. Asimame akihesabu mbili, akae akihesabu nne. Kule kukaa polepole kunajenga misuli kama kuinuka kwenyewe, kwa hiyo asijibwage.

Aanze na mara 5, apumzike dakika mbili, arudie 5. Akifikisha 10 bila kutetemeka, ondoeni blanketi moja. Baada ya wiki chache, la pili. Kiti kikibaki kitupu na akaweza 12, mpeni pakiti ya unga ya kilo 1 aikumbatie kifuani, baadaye kilo 2. Kanuni ni hii: mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Akimaliza huku anapiga soga kama kawaida, uzito ni mdogo na misuli haitaona sababu ya kukua. Siku tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Siku nyingine atembee na asimame akishika meza huku akiinua visigino mara 10.

Yanayoharibika mara nyingi ni haya. Msaidizi humvuta mzee kwa mikono: bega linaumia na mapaja hayafanyi chochote. Mfungeni kanga iliyokunjwa kiunoni, ikazwe vizuri, msaidizi asimame ubavuni ameishika. Mzee hubana pumzi: presha inaruka, hivyo ahesabu kwa sauti. Huinuka ghafla kutoka kulala: kizunguzungu, hasa kama anatumia dawa za presha, aketi dakika moja au mbili kwanza. Na kama anatumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamaidi, asifanye mazoezi na tumbo tupu, sukari inaweza kushuka mno.

Aache zoezi papo hapo akipata maumivu ya kifua, au akikosa pumzi ya kumaliza sentensi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya kulazwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda. Ulegevu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili si misuli ya uzee, ni dalili ya kiharusi.

Hospitali kubwa za mikoa yetu, Mount Meru kwa Arusha, na Mawenzi na KCMC kwa Moshi, hutoa huduma za fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba. Ombeni. Na msikate tamaa kwa umri wake: mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwafanyisha mazoezi ya uzito wakazi 10 wa makao ya wazee, wa miaka 90 hivi, na katika wiki 8 nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Bibi yetu ana kilo 60, hana meno ya kutafuna. Anakula mtori (supu ya ndizi), uji na chai. Tumeambiwa tumnunulie unga wa protini wa kopo, bei yake imetushinda. Ni lazima?
*Mjukuu, Pasua, Moshi*

Si lazima. Mzee mwenye afya anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani bibi apate gramu 60 hadi 72 kwa siku, zigawanywe milo mitatu. Misuli ya mzee ni mizito kuitikia protini, hivyo kila mlo uwe nayo ya kutosha. Protini kidogo asubuhi na nyama yote usiku haimfai sana. Ndizi zina gramu 1 tu hivi katika kila gramu 100, na uji wa maji una kidogo mno. Yai moja lina 6, kikombe cha robo lita cha maziwa au mtindi 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15 hivi, nyama iliyopikwa ya ukubwa wa kiganja 25.

Kwa hiyo asubuhi mayai mawili laini na kikombe cha maziwa ni 20. Mchana kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) chenye kikombe kizima cha maharage yaliyopondwa, na mtindi. Jioni mtori ambao nyama yake imesagwa au kutwangwa humohumo. Hapa tuseme wazi: nyumba nyingi humpa mzee supu ya mifupa, nyama ikaenda kwa vijana. Protini iko kwenye nyama. Uji upikwe kwa maziwa, na uongezwe kijiko cha dagaa waliosagwa: toa vichwa, osha mchanga mara tatu, kausha, kaanga bila mafuta, twanga na uchekeche.

Kama ana ugonjwa wa figo, msiongeze protini kabla ya kuongea na daktari. Na kama nguo zimempwaya kwa miezi michache bila sababu, apimwe sukari, kifua kikuu na mengine.

Tukirudi kwenye kopo: watafiti walewale wa Boston mwaka 1994 waliwafuatilia wazee 100. Waliopewa lishe ya ziada bila mazoezi hawakupata nguvu. Mnunulieni bibi mayai, naye afanye zoezi la kiti.

Mimi ni mama wa miaka 66. Natembea kila siku kwenda sokoni Tengeru na kurudi. Bado nahitaji mazoezi ya nguvu?
*Mama, Tengeru*

Ndiyo, mama. Kutembea kunasaidia moyo, presha na sukari, ila kwenye tambarare mapaja hayabebi zaidi ya yaliyoyazoea. Kama njia yako ina mteremko, upite polepole: unaposhuka mapaja ndiyo breki, na hiyo ni kazi nzito yenye faida. Siku mbili au tatu kwa wiki ongeza kuinuka kitini seti mbili za 10, na kusimama karibu na ukuta kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10 kila upande. Ukirudi na mboga, gawanya mzigo katika vikapu viwili vya uzito sawa, kimoja kila mkono.