Kamba yenyewe ni Yasmin

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: katika riwaya ya mapenzi yenye siasa ndani yake, ni mbinu gani ya kisanaa iliyokunasa? Mimi ilininasa jazanda, yaani picha ya mafumbo, ya jina la kitabu: Vuta n'kuvute, cha Shafi Adam Shafi (1999).

Tulipokisoma Kidato cha Sita, jibu la mtihani lilikuwa moja. Mkoloni Mwingereza anavuta huku, akina Denge wanaodai uhuru wa Zanzibar wanavuta kule. Andika hivyo, alama zako utapata. Lakini watu hawavutani bila kamba, na kamba hakuna aliyetuuliza ni ipi. Mimi nasema ni Yasmin. Wazazi wanamvuta kwa Bwana Raza akiwa na miaka 15 tu, mume wa rika la baba yake. Anakimbia, ndugu zake wanamkataa, rafiki yake Mwajuma anampokea Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, na huko anampenda Denge. Akidhani sasa amepumua, anajiwa na Inspekta Wright, anayetaka awe chambo cha kumnasia Denge. Yaani penzi lake lenyewe ndilo serikali inataka kulifanya pingu! Na mwandishi hapandi mimbari hata mara moja kutuambia ukoloni ni mbaya.

Tashbihi zake je? Uso wa Yasmin unafananishwa na tungule. Sisi wa bara tukadhani ni ua fulani la pwani, mpaka mwalimu wetu, Mpemba, akacheka hadi machozi: “Nyanya hizo!” Tangu siku ile namwona Yasmin kila niendapo sokoni. Majina ya kupanga, yanayotaja tabia ya mhusika, kama Koplo Matata, hayakunikaa. Unacheka mara moja basi.

Shafi kifungo anakijua. Aliwekwa ndani baada ya Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, kuuawa mwaka 1972, na riwaya yake Haini (2003) inakuingiza jela yenyewe. Hata hivyo, kati ya hizo mbili, iliyoniuma zaidi ni hii ya Yasmin.

Mwishoni mwa Vuta n'kuvute Denge anaondoka na Yasmin anaolewa na mwanamume mwingine, Bukheti. Rafiki yangu wa dawati moja alikifunga kitabu kwa kishindo, akasema mwandishi katusaliti. Nilikubaliana naye kabisa. Mwaka huu nimekisoma tena, nina binti wa miaka 15 nyumbani, na nilipofika kwa Bukheti nilishusha pumzi.