Asilimia kumi mbili na mwezi wa Kibirizi

SWALI: Shikamoo bibi. Sisi ni kikundi cha watu 14 hapa Kibirizi, Kigoma mjini. Huu mwaka wa tatu tunawakusanya vijana walioacha shule, wale wanaobeba na kuanika dagaa mwaloni, pamoja na wasichana wachache waliozaa mapema. Tunafundisha kusoma na kushona, kwa cherehani mbili za kuazima. Sasa kuna mfadhili ametangaza ruzuku ya hadi milioni 30. Kaka mmoja amejitolea kutuandikia andiko la mradi; anataka laki mbili ya kuanzia, na asilimia kumi pesa zikitoka. Mwenzetu anasema tusihangaike, halmashauri nayo ina asilimia kumi. Tufuate ipi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hizo asilimia kumi mbili hazina hata undugu.

Ile ya halmashauri ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Hutengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Unawafaa vijana wanaotaka, tuseme, mashine ya kukamulia mawese, kwa sababu mawese yanauzwa. Darasa la kusoma haliuzwi. Mkikopa kwa ajili ya darasa, mwezi wa tatu mtaanza kumkwepa afisa maendeleo ya jamii barabarani, na huyo ndiye mtu mnayemhitaji kuliko wote.

Ya kaka, mkatalieni. Wafadhili wengi hawaruhusu kamisheni itoke kwenye ruzuku, kwa hiyo milioni tatu zake itabidi mzifiche kwenye semina ambayo haikufanyika. Yaani uongo mnaupanga kabla pesa haijaingia. Hiyo laki mbili nunueni nyuzi. Andiko andikeni wenyewe, kwa Kiswahili kwanza. Daftari lenu la mahudhurio la miaka mitatu lina mambo ambayo yeye hayajui.

Sasa nikusimulie yangu. Niliwahi kuwa mhazini wa kikundi kimoja Ujiji. Tulipata milioni sita kwa mfadhili ambaye sitamtaja. Mkataba ulisema mafunzo siku tano kwa wiki, vijana 30 kila siku. Tukasaini tukipiga vigelegele. Wiki ya kwanza walijaa hadi mlangoni. Wiki iliyofuata, kumi na mmoja. Giza lilikuwa limeingia! Wewe ni wa Kibirizi, unajua: dagaa hufuata taa, na taa hufanya kazi usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, boti zinalala na vijana wana nafasi. Giza likirudi, wanakesha, na asubuhi kuna mzigo wa kushusha na dagaa wa kuanika. Mkaguzi alikuja siku za giza, akakuta tisa, wawili wamesinzia juu ya daftari. Akaandika "mahudhurio hafifu", awamu ya pili ikafutwa. Nilikasirika sana, ila saini kwenye ule mkataba ilikuwa yangu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, wekeni masomo siku za mbalamwezi, na mueleze kwa nini. Mfadhili aliyeko Dar es Salaam hawezi kulijua hilo msipomwambia, na akiambiwa mapema huelewa. Mwelezeni pia habari ya kufungwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Ikitokea tena, vijana watakuwa na muda tele na njaa tele. Uji uwemo kwenye bajeti.

Kuhusu kiasi, kikundi ambacho hakijawahi kushika milioni mbili kisiombe 30. Ombeni saba au nane. Isitoshe, kwa kanuni za 2018, shirika lisilo la kiserikali likipokea zaidi ya milioni 20 linatakiwa kuzitangaza kwa umma ndani ya siku 14, na hapo kila shemeji atajua mna pesa. Mwulizeni mfadhili anakubali usajili gani. Wengine wanatosheka na cheti cha kikundi cha halmashauri, wengine wanataka shirika lililosajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya 2002, ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali, ambalo laweza kuwa la ngazi ya wilaya tu. Watia saini benki wawe watatu, na wasiwe mke na mume. Nimeyaona.

Risiti! Zile za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi dukani, zinafifia. Zangu nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la jikoni, joto la mkaa likizipata kila siku. Nilipolifungua mbele ya mkaguzi nilitoa vikaratasi vyeupe kama sanda. Toeni kopi siku ileile ya kununua. Bodaboda hana risiti, basi asaini vocha ya malipo na kuandika namba yake ya simu.

Jambo moja sikuliona kwenye barua yako. Wale wasichana wakiwa kwenye cherehani, watoto wao anawashika nani? Mkeka mmoja, na mama mmoja wa kuwalea anayelipwa. Andikeni hilo kabla ya cherehani mpya.