Maswali Yenu Kuhusu Sanaa: Beah Richards, mama wa jukwaani na wa filamu

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kayole. Mimi ni mwigizaji wa kikundi kinachozunguka shuleni kuigiza vitabu teule vya fasihi, na mara mojamoja tunapata nafasi katika Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya. Nina umri wa miaka 27. Kwa sababu ya umbo langu na sauti yangu nzito, kila tamthilia mpya inapoletwa mimi hupewa mama au nyanya: leso kiunoni, bakora mkononi, mgongo umepinda. Wenzangu wa rika langu ndio wanaopewa wachumba na mabibi harusi. Juzi niliitazama filamu ya zamani ya Marekani, Guess Who's Coming to Dinner, na mama mzazi wa yule daktari alinivutia kuliko wahusika wakuu. Mwanamke yule ni nani, na je, alikuwa mzee kweli? Nami niendelee kuzikubali nafasi hizi au nizikatae?
Msomaji wa Kayole, Nairobi

JIBU: Dada yangu, jina lake ni Beah Richards, na hakuwa mzee. Alizaliwa tarehe 12 Julai 1920 katika mji wa Vicksburg, jimbo la Mississippi, na filamu hiyo ilipotoka mwezi wa Desemba 1967 alikuwa na umri wa miaka 47. Sidney Poitier, aliyeigiza kama mwanawe, alizaliwa Februari 1927, yaani mama alimzidi mtoto kwa chini ya miaka saba. Itazame filamu tena ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Utaona kwamba hategemei mgongo uliopinda wala miguu ya kuburuta ili tuamini umri wake. Silaha yake ni kutoharakisha jibu. Anaambiwa neno, analipokea, analitafakari, ndipo anasema, na mtazamaji anahisi kuwa nyuma ya jibu hilo kuna miaka mingi ya ndoa, ya malezi na ya mambo aliyoyanyamazia.

Tuliangalie onyesho lake kubwa kwa karibu. Wazazi wa daktari wamesafiri kwa ndege kutoka Los Angeles hadi San Francisco, na ni huko wanakogundua kwamba msichana ambaye mwana wao anataka kumuoa ni Mzungu. Baba wa kijana anapinga, na baba wa msichana, anayeigizwa na Spencer Tracy, anapinga vilevile. Basi mama huyu anazungumza na baba wa msichana barazani, wawili tu. Bila kupandisha sauti anamwambia kwamba wanaume wakizeeka husahau kile kilichokuwa kikiwaka ndani yao ujanani, na kwamba aliyekwisha kusahau hivyo hawezi kuyaelewa mapenzi ya vijana wawili walio mbele yake. Hotuba ndefu ya Tracy inayoifunga filamu ni jibu kwa maneno hayo. Anamtaja mama huyo waziwazi na kukana kwamba yeye amesahau. Hadithi nzima inageukia hapo, na aliyeigeuza ana dakika chache tu mbele ya kamera. Ukumbuke pia kwamba filamu hiyo ilipokuwa ikipigwa, ndoa kati ya Mweusi na Mzungu ilikuwa ingali marufuku katika majimbo 16 ya Marekani, hadi Mahakama ya Juu ilipozifuta sheria hizo tarehe 12 Juni 1967. Maneno ya mama yule hayakuwa mapambo ya mazungumzo.

Umahiri huo haukuanzia kwenye filamu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti na mama yake alikuwa mshonaji wa nguo. Beah alihitimu mwaka 1948 katika Chuo Kikuu cha Dillard kilichoko New Orleans, akaenda San Diego kujifunza kazi katika ukumbi wa Old Globe, kisha akahamia New York. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa hajatimiza miaka 40, alijulikana kwa kuigiza ajuza wa miaka 84 katika tamthilia ya Take a Giant Step. Tamthilia ya A Raisin in the Sun ilipofika Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo mjini New York, mwaka 1959, yeye alikuwa mwigizaji wa akiba wa Claudia McNeil katika nafasi ya mama wa familia, kazi ya kuyahifadhi maneno yote kichwani na kungoja siku ambayo huenda isije. Mwaka 1961 alikuwa katika tamthilia ya Purlie Victorious ya Ossie Davis.

Kisha ikaja The Amen Corner, tamthilia ya mwandishi James Baldwin, mwaka 1965, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo jukwaa lilipompa nafasi iliyomtosha. Aliigiza Margaret, mwanamke anayechunga kanisa dogo la Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York, ambaye mumewe mwanamuziki anarudi nyumbani akiwa mgonjwa wa kufa huku waumini wakimgeuka. Margaret ni mama, lakini pia ni kiongozi, mke aliyekimbia ndoa yake, na mtu anayetumia maandiko kujificha asiyatazame maisha yake mwenyewe. Beah, binti wa mchungaji, aliijua madhabahu tangu utotoni, na kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya jukwaani Marekani, ya mwigizaji bora wa kike. Nasikitika kwamba filamu hazikumpa tena na tena wanawake wa kimo hicho.

Hilo sitakuficha. Beah Richards hakuwa mama kila mara kwa kupenda. Filamu za Marekani za wakati wake zilikuwa na milango michache kwa mwanamke Mweusi: mtumishi wa nyumbani, mama, nyanya. Katika mwaka huohuo wa 1967 alikuwa pia mama wa mhusika wa Robert Hooks katika Hurry Sundown, na mwaka 1970 akawa mama wa bondia anayeigizwa na James Earl Jones katika The Great White Hope. Mtu asikuambie kwamba dhuluma ile ilikuwa baraka. Ila ndani ya mlango aliofunguliwa, hakukubali kuingia na mama asiye na mawazo yake mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usiikatae nafasi kwa sababu ni ya mama. Ikatae ile ambayo mwandishi hakumpa mama huyo wazo lolote ila kulia, kupika na kubariki. Ukipewa mswada, tafuta mahali ambapo mama anajua jambo ambalo wengine jukwaani hawalijui, kwa maana hapo ndipo nguvu yako ilipo. Katika mazoezi yanayofuata, weka bakora chini, nyoosha mgongo, umwombe mwelekezi akuache utafute umri wa mhusika katika kusikiliza kwako. Akina mama wengi wa miaka 60 na 70 wanaouza mboga sokoni Gikomba wamesimama wima na wanabeba mizigo ambayo wewe na mimi hatuiwezi. Na umweleze mwelekezi huyohuyo, kwa adabu na bila kuzungukazunguka, kwamba ungependa mara moja kuigiza mwanamke wa miaka 27. Ni haki yako kuomba, na kikundi kinachozunguka shuleni kinawaonyesha vibaya wanafunzi wetu kikiwafanya waamini kwamba mwanamke mwenye umbo kubwa huzaliwa akiwa mama wa mtu.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu mstaafu wa fasihi. Nilisoma mahali kwamba Beah Richards alikuwa pia mshairi na mwanaharakati, na kwamba hakuwahi kupata Oscar. Naomba ufafanuzi wa mambo haya mawili.
Mwalimu mstaafu, Ngara

JIBU: Mwalimu wetu, shikamoo. La Oscar ni fupi. Aliteuliwa mara moja tu, kama mwigizaji msaidizi bora wa kike, kwa kazi ile ya Guess Who's Coming to Dinner. Sherehe ya mwaka 1968 iliahirishwa kwa siku mbili kwa ajili ya mazishi ya Martin Luther King, na ilipofanyika tarehe 10 Aprili tuzo ikamwendea Estelle Parsons wa Bonnie and Clyde. Runinga ilimtendea vizuri zaidi: alipata Emmy, tuzo kuu ya runinga Marekani, mwaka 1988 kwa kushiriki katika Frank's Place, na nyingine mwaka 2000 kwa The Practice, siku chache kabla ya kufariki Vicksburg tarehe 14 Septemba mwaka huohuo.

Ushairi wake unastahili nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1951, kabla hajajulikana kama mwigizaji, alisimama katika mkutano wa amani mjini Chicago akasoma shairi lake A Black Woman Speaks mbele ya hadhira yenye wanawake wengi wa Kizungu. Shairi lile haliombi huruma. Linawaambia wanawake hao kwamba nao pia waliuzwa na kununuliwa, ingawa kwa sarafu tofauti. Kwamba hariri na vito walivyopewa vilikuwa bei ya ukimya wao. Na kwamba wakitaka kusimama pamoja na mwanamke Mweusi, kwanza waikubali historia hiyo, ikiwemo ile ya waume wao na ya watu waliouawa kwa kamba kwa kisingizio cha kuwalinda wao. Fikiria ujasiri wa kuyasema hayo uso kwa uso, na tena katika miaka ambayo nchini Marekani kuitetea amani hadharani kulitosha kumfanya mtu ashukiwe kuwa Mkomunisti. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Sojourners for Truth and Justice, chama cha wanawake Weusi kilichodai haki zao za kiraia. Baadaye aliligeuza shairi hilo kuwa onyesho la mtu mmoja jukwaani, naye mwenyewe akaliigiza.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uigizaji wake unapoeleweka. Mtu aliyezoea kuandika maneno yake mwenyewe na kuyabeba mbele ya watu hawezi kuyatamka ya mwandishi mwingine kama anayesoma orodha. Msomaji wa Kayole naye alisome jibu hili, kwa kuwa shairi lile halikungoja mtayarishaji yeyote ampe Beah Richards nafasi ya kusema.

SWALI: Nianze na filamu gani nikitaka kumjua mwigizaji huyu?
Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, Chuo Kikuu cha Kenyatta

JIBU: Anza na In the Heat of the Night ya mwaka 1967, ambamo anaonekana kwa muda mfupi kama Mama Caleba, mwenye duka anayejua siri za wanawake wa mji mzima; filamu hiyo ndiyo iliyotwaa Oscar ya filamu bora. Fuatisha Guess Who's Coming to Dinner, zitazame siku moja ukiweza, ujionee jinsi wanawake wawili walioigizwa na mtu mmoja katika mwaka mmoja, wote wakizungumza na mhusika wa Sidney Poitier, wasivyofanana hata kwa mwendo. Baadaye nenda kwenye Beloved ya mwaka 1998, ambamo yeye ni Baby Suggs, mwanamke aliyetoka utumwani anayewahubiria watu wake porini waipende miili yao wenyewe, kiungo kwa kiungo. Filamu ya kumbukumbu Beah: A Black Woman Speaks, ya mwaka 2003, iliongozwa na LisaGay Hamilton, aliyekuwa naye katika Beloved. Hiyo iache mwisho, kwa sababu ndani yake anazungumza kwa nafsi yake, na utamsikia vizuri zaidi ukiwa umekwisha kuzisikia sauti za wanawake aliowaigiza.