Dume la Kulungu Hulala Wapi Mchana?

*Msimu wa uwindaji unapokaribia Marekani, wasomaji wetu wa huko wametuuliza kuhusu kulungu mwenye mkia mweupe. Tumejibu maswali manne.*

Ndugu wahariri, habari za kazi. Shamba ninaloruhusiwa kuwinda hapa kusini-mashariki mwa Ohio ni vilima na makorongo matupu. Majike nawaona kila jioni, lakini dume mkubwa simwoni ila kwenye picha za kamera usiku. Mchana anajificha wapi?

Mtafute kwenye theluthi ya juu ya mteremko, upande wa demani, yaani ule usiopigwa na upepo siku hiyo. Dume aliyekomaa, wa miaka minne hivi na kuendelea, hulala akiupa upepo mgongo na macho akiyaelekeza bondeni. Anayetokea nyuma yake, juu ya mgongo wa kilima, harufu yake hutangulia kufika. Anayetokea mbele, anaonekana. Mara nyingi atakuwa pia na gogo, mti ulioanguka au mwamba nyuma yake.

Lakini upepo ni nusu tu ya habari. Jua likishaupiga mteremko, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kupanda. Kwa kawaida hali hiyo huanza saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, na huchelewa zaidi kwenye mteremko wenye kivuli. Kuanzia hapo harufu za bondeni nazo humpandia. Kwa hiyo akilala pale pale bila kuinuka, pua yake inapokea habari za juu kwa upepo na za chini kwa hewa inayopanda. Hiyo ndiyo sababu ya kupenda theluthi ya juu: ni mahali mikondo hiyo miwili inapokutana.

Hapa ndipo wawindaji wengi wanapoharibu. Simu inasema upepo unatoka magharibi, mtu anapita bondeni saa nne asubuhi akiamini yuko salama, kumbe harufu yake inapanda moja kwa moja hadi malaloni. Usitegemee simu peke yake. Chukua kinyuzi chepesi cha pamba au sufi, kiachie, kisha kifuate kwa macho mpaka kipotee. Poda ya chupa, ile wawindaji wanayoipuliza kupima upepo, hutawanyika baada ya mita chache, haikuonyeshi hewa inavyogeuka mbele ya safari. Rudia jaribio hilo asubuhi, adhuhuri na saa ya mwisho kabla ya magharibi, kwa sababu jioni hewa hupoa na kuanza kuteremka.

Kilingo chako cha jioni kiweke pembeni ya njia anayotumia kwenda malishoni, karibu sawa naye kwa kimo, upepo ukikata kati yenu. Usikae chini yake moja kwa moja. Ukifika mapema, hewa bado inapanda na itamfikishia habari zako.

Nimekuta malalo mengi msituni. Nitajuaje lipi ni la dume na lipi la majike?

Hesabu kwanza. Majike na watoto wao hulala kwa kundi, kwa hiyo utaona malalo matatu, manne au zaidi yenye ukubwa tofauti, yakiwa karibu karibu. La dume mkubwa kwa kawaida liko peke yake. Kisha pima: la dume aliyekomaa mara nyingi huzidi mita 1.1 kwa urefu, la jike huwa chini ya hapo. Usipime kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, maana kingo hupanuka na kukudanganya. Angalia pia miti ya jirani iliyochunwa gome kwa pembe. Mti mnene kama mkono wa mtu uliosuguliwa hatua chache tu kutoka malaloni ni ushahidi mzuri kuliko futi kamba.

Kisha lala wewe mwenyewe pale, kichwa kikiwa kwenye kimo cha kichwa chake. Utaelewa papo hapo njia zipi anaziona na zipi anaziachia pua. Fanya hivyo Februari au Machi, msimu ukiwa umekwisha. Ukiyakanyaga malalo yake Oktoba, anaweza kuyahama.

Sisi Iowa ni tambarare, mahindi na soya tu. Je, hayo ya vilima yanatuhusu?

Kidogo. Kwenu tazameni vinamasi vya matete, hasa kisiwa kidogo cha ardhi kavu katikati, hata kikiwa kimeinuka nusu mita. Hapo macho hayamsaidii sana, kwa hiyo anategemea masikio: mtu hawezi kupita majini au kwenye matete makavu bila kelele. Masikio yake hugeuka kila moja kivyake, hata akiwa anacheua na kichwa kimetulia. Msishangae pia kukuta malalo jirani na barabara. Mlio wa magari ya kila siku ameuzoea. Kinachomshtua ni mlango wa gari unaofungwa mahali usipofungwa kila siku.

Sheria inatulazimisha kuvaa rangi ya chungwa wakati wa msimu wa bunduki. Si tunajianika?

Hapana, vaeni bila wasiwasi. Rangi hiyo inawalinda na risasi za wenzenu. Jicho la kulungu lina vipokezi vya rangi vya aina mbili tu, na kwake chungwa na nyekundu hufifia. Buluu ndiyo anayoiona vizuri, na mwanga wa urujuanimno pia kuliko sisi. Kwa hiyo hatari iko kwenye sabuni ya kufulia yenye kemikali za kung'arisha nguo, kwa kuwa hugeuza urujuanimno kuwa mng'ao wa buluu. Tumieni isiyo na king'arishi wala manukato.

Mwendo ni jambo jingine. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na humpa uoni wa karibu nyuzi 300, hivyo mkono unaoinuka haraka ataunasa hata kama hakutazami. Inueni silaha kichwa chake kikiwa nyuma ya mti. Na kwa wasomaji wa Ohio: ruhusa ya mwenye shamba binafsi lazima iwe ya maandishi, nanyi muwe nayo mfukoni.